Kivuli Bila Jua: Ushairi na Picha za Mavuno katika Vitabu vya Watoto

UTANGULIZI

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Methali hii ina pande mbili. Upande mmoja ni jua: jasho, mgongo unaouma, viganja vyenye sugu. Upande wa pili ni kivuli: sahani, shibe na mapumziko. Ukiondoa upande mmoja, methali nzima inakufa. Katika makala hii nakusudia kuhakiki aina ya vitabu ambayo wahakiki wetu hawaigusi sana, yaani vitabu vya mashairi ya watoto vyenye picha, vinavyotungwa kwa ajili ya msimu wa mavuno. Hoja yangu ni kwamba baadhi ya vitabu hivyo, tena vile vinavyopendwa, humpa mtoto kivuli bila jua. Nitajaribu pia kuonyesha kwamba katika jambo hili mchoraji ana madaraka makubwa kuliko tunavyompa darasani.

Mifano yangu nimeichukua Marekani. Najua wapo watakaouliza: kwani kwetu hakuna mavuno? Yapo, na nitayarudia mwishoni. Lakini kule msimu huu umejizalia fungu zima la vitabu vya watoto, kwa sababu unafungamana na Sikukuu ya Shukrani. Rais Abraham Lincoln aliitangaza sikukuu hiyo kuwa ya taifa mwaka 1863, na sheria ya mwaka 1941 ikaiweka Alhamisi ya nne ya mwezi Novemba. Pale ambapo aina fulani ya kazi imekwisha komaa, nguvu zake na kasoro zake huonekana waziwazi. Sisi ambao bado tunaijenga tuna nafasi ya kuchagua la kufuata na la kuacha.

Kabla sijaingia kwenye vitabu vyenyewe, niseme kidogo juu ya njia ya uhakiki. Tumezoea kuigawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui, kisha tunahesabu: muundo, mtindo, matumizi ya lugha, mandhari, dhamira, ujumbe. Kwenye kitabu cha watoto chenye picha, mgawanyo huo peke yake hautoshi. Mtoto ambaye hajajua kusoma husomewa maneno na mtu mzima, lakini picha anaisoma mwenyewe. Mzazi yuko mstari wa pili, mtoto ameshafika pembeni mwa ukurasa anamtafuta mbwa. Kwa hiyo picha haipo pale kama pambo. Ni ubeti mwingine, usio na vina wala mizani, unaokwenda sambamba na ubeti wa maneno. Unaweza kuukubali, unaweza kuupinga, na unaweza kusema pale ambapo maneno yamenyamaza. Kwa sababu hiyo kila kitabu nitakiuliza swali moja tu, na swali lenyewe ni jepesi: mkono uko wapi?

KOFIA YA BIBI

Tuanze na shairi kongwe. Lydia Maria Child (1802–1880) alilichapisha mwaka 1844 katika juzuu ya pili ya kitabu chake cha watoto, Flowers for Children, kwa jina la "The New-England Boy's Song about Thanksgiving Day". Leo Wamarekani wengi wanalifahamu kama wimbo. Msemaji ni mtoto aliyepanda gari la theluji linalokokotwa na farasi, anakwenda na jamaa zake nyumbani kwa babu kula sikukuu.

Kifani, shairi hili ni zuri, tusibanie sifa. Mapigo yake yanafuata mwendo wa farasi, na maneno ya mwanzo wa beti yanajirudia kama kwato zinavyojirudia barabarani. Upepo unauma pua na vidole, farasi anaijua njia hata bila kuongozwa, kengele zinalia, mbwa wa nyumbani anasikia. Kila ubeti unasukuma mbele. Mtoto yeyote aliyewahi kusafiri kwenda kwa bibi yake, iwe kwa farasi au kwa basi la mikoani, anaijua hamu hiyo ya kufika.

Sasa tuulize: mavuno yako wapi? Yako mwishoni, ndani ya pai ya boga. Shamba halipo. Theluji imelifunika, na msanii naye amelifunika. Na bibi, ambaye kwa vyovyote ndiye amekesha jikoni, tunamwona kwa mbali kama kofia tu. Wageni wanaikaribia kofia, na papo hapo hamu yao inahamia kwenye chakula kama kimeiva. Jikoni kwenyewe hatuingii. Mavuno yamekuwa kitu kinachokungoja mezani.

Hapa lazima tumtendee haki mtunzi, kwa sababu huyu mama hakuwa mtu asiyejua kazi. Mwaka 1829 alitoa kitabu cha kuwafundisha akina mama kuendesha nyumba kwa kubana matumizi. Tangu mwaka 1826 alikuwa na jarida lake la watoto, lakini alipochapisha kitabu cha kupinga utumwa mwaka 1833, wasomaji wengi walimkimbia, na mwaka 1834 jarida likafa. Mwaka 1861 alihariri simulizi ya maisha ya Harriet Jacobs, mwanamke aliyetoroka utumwani. Mtu wa namna hii alijua vizuri nani huvuna na nani hula. Mbona basi shairi lake limenyamaza? Kwa maoni yangu, shairi fupi la safari haliwezi kubeba kila mzigo, na furaha ya mtoto nayo ni ukweli wa maisha. Simlaumu.

Lakini pale maneno yaliponyamaza, mchoraji alipewa nafasi. Shairi hili limechorwa upya na wasanii mbalimbali. Mojawapo ya matoleo yake ni la Christopher Manson la mwaka 1993, lenye picha za kuchongwa kwenye ubao na kutiwa rangi. Ni picha za kupendeza na zinarudisha ladha ya karne ya 19. Ila kuna kinaya ndani yake. Picha ya kuchongwa huacha alama za chombo. Kila mstari unakuambia kwamba kuna mtu aliyekaa, akainama, akachonga. Mkono wa fundi wa picha umo kitabuni, lakini hadithi inayosimuliwa inabaki ileile ya safari na karamu. Fundi ameonyesha jasho lake mwenyewe, la mkulima hakulifikia.

BOGA LILILOJIPANDA

Kitabu cha pili ni Autumnblings cha Douglas Florian, kilichotoka mwaka 2003. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno: mtunzi ameunganisha neno la majira ya kupukutika kwa majani na neno la kuanguka kwa kubiringika. Florian ni mshairi na mchoraji kwa pamoja, kwa hiyo hapa hakuna mvutano kati ya ubeti na picha. Vyote vimetoka kichwa kimoja. Mashairi ni mafupi, maneno yanachezeshwa, na mahali pengine herufi zinapangwa ukurasani ili neno lifanye kile linachokisema. Mtoto anajifunza kwamba lugha ni kitu cha kushika na kugeuzageuza. Hilo si jambo dogo hata kidogo, na washairi wetu wanaodhani mtoto anahitaji mawaidha tu wangefaidika kulitazama.

Tatizo langu liko kwenye maudhui. Katika kitabu hiki mavuno ni sehemu ya majira, sawa na upepo, majani na ndege wanaohama. Ni kitu kinachotokea. Hakionekani kama kitu kinachofanywa na watu kwa kalenda, kwa vyombo na kwa wasiwasi wa mvua. Mtoto wa mjini akifunga kitabu anaweza kabisa kuamini kwamba boga lilijipanda, likajipalilia, halafu likajileta sokoni likiwa linacheka.

Rafiki yangu mmoja niliyemsomea hoja hii aliniambia, "Wewe nawe! Waache watoto wacheke, siasa watazikuta ukubwani." Pingamizi hilo ni zito, nami sitaki kulikwepa. Kicheko ni haki ya mtoto. Lakini pingamizi lenyewe limechukulia kwamba mkono ukiingia kwenye picha, kicheko kinatoka. Hapo ndipo tunapotofautiana, na kitabu cha mwisho nitakachokitaja kitakuwa shahidi wangu.

MIEZI KUMI NA MITATU

Sikukuu ya Shukrani ina hadithi yake ya asili inayopendwa na wachoraji: karamu ya mavuno ya mwaka 1621 kule Plymouth, walowezi wa Kiingereza na Wawampanoag wakila pamoja. Wenyeji hawakuwa wageni wa mavuno yale. Mahindi ni zao lao, na mwenzao Tisquantum ndiye aliyewaonyesha walowezi namna ya kuyapanda. Kuanzia mwaka 1970 wako wazawa wa Marekani wanaokusanyika Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza. Kwa hiyo swali la mkono uko wapi, kule kwao, ni swali la ardhi na la damu vilevile.

Ndiyo sababu inafaa kusoma vitabu vya wazawa wenyewe. Joseph Bruchac, mwandishi mwenye asili ya Kiabenaki, akishirikiana na Jonathan London, alitoa Thirteen Moons on Turtle's Back mwaka 1992. Magamba makubwa 13 ya mgongo wa kobe ndiyo miezi 13 ya mwaka, na kila mwezi una shairi lake kutoka taifa tofauti la wenyeji. Muundo huu peke yake ni hoja. Mavuno hayafungiwi kwenye Alhamisi moja. Yametapakaa mwaka mzima: kuna wakati wa utomvu mtamu wa miti, kuna wakati wa matunda, kuna wakati wa mpunga-mwitu.

Hebu tuutazame huo mpunga-mwitu, kwa kuwa jina la taifa la Wamenominee maana yake ni watu wa mpunga huo. Unaota majini. Desturi ni watu wawili kwenye mtumbwi mmoja: mmoja anasukuma kwa upondo, mwingine anainamisha mabua kwa fimbo mbili na kuyagonga, punje zinaangukia mtumbwini. Nyingine zinaangukia majini, na hizo ndizo mbegu za mwaka ujao. Kwa maneno mengine, mvunaji anapanda palepale anapovuna. Nionyesheni tamathali nzuri kuliko hiyo! Kazi yenyewe imeshakuwa ushairi kabla mshairi hajashika kalamu.

Picha za kitabu hiki ni za Thomas Locker, mchoraji wa rangi za mafuta anayejulikana kwa mandhari mapana na mwanga unaotawala anga. Katika michoro ya namna hiyo binadamu huwa kiumbe mdogo mbele ya mto, msitu na mawingu. Tunaweza kuisoma sanaa hii kwa njia mbili. Ya kwanza ni unyenyekevu: binadamu si bwana wa dunia, na hilo linaafikiana na mashairi. Ya pili ni kwamba mkono umepotea tena, safari hii ndani ya uzuri wa machweo. Mimi nadhani zote mbili ni kweli. Picha za Locker zinamfundisha mtoto kustaajabu, ila kutenda hazimfundishi sana.

Kitabu kingine cha wazawa kinalipanua swali langu. Ni Giving Thanks cha Jake Swamp, kiongozi wa Wamohawk, kilichochorwa na Erwin Printup na kuchapishwa mwaka 1995. Maneno yake yametokana na hotuba ya shukrani ya Wahaudenosaunee, ambayo kwa desturi husemwa mwanzoni mwa mikutano na shughuli zao. Haingoji Novemba. Shukrani zinatolewa hatua kwa hatua kwa dunia, maji, nyasi, matunda, wanyama, miti, ndege, upepo, ngurumo, jua, mwezi na nyota, hadi kwa Muumba. Maandishi ya Kimohawk yamewekwa mwishoni.

Sisi tuliosoma tenzi tunaielewa mara moja kazi hii. Tumezoea mtunzi kufungua kwa dua kabla ya kugusa kisa. Urudiaji wake hauchoshi kwa sababu ni wa kutembea kutoka kitu hadi kitu, kama mtu anayewasalimia wazee barazani mmojammoja bila kuruka hata mmoja. Je, mkono uko wapi? Hapa mkono wa kwanza kabisa kupewa shukrani ni wa ardhi yenyewe. Mtoto anaambiwa kwamba kabla ya mkulima kuna mvua, na kabla ya mvua kuna mpangilio ambao mkulima hakuuanzisha. Hilo si kuficha kazi. Ni kuipa kazi msingi wake.

MIKONO INAYOITA NJIWA

Sasa nifike kwa shahidi wangu. Juan Felipe Herrera alizaliwa California mwaka 1948, mtoto wa vibarua wa mashambani wenye asili ya Meksiko, waliohama kufuata mazao. Mwaka 1995 alitoa Calling the Doves, kitabu cha Kihispania na Kiingereza kilichochorwa na Elly Simmons. Miaka 20 baadaye, yaani 2015, mwandishi huyu aliteuliwa kuwa mshairi wa taifa wa Marekani.

Wapo watakaosema kitabu hiki si cha mashairi, kwa kuwa kimeandikwa kwa nathari ya kishairi. Wenzangu, mgogoro huo tunaujua. Tumeusoma tangu Amri Abedi alipotuwekea sheria za kutunga mwaka 1954 hadi Kezilahabi alipozivunja katika Kichomi mwaka 1974. Sitaufufua hapa. Itoshe kusema kwamba sentensi za Herrera ni fupi, zimejaa taswira, na zinakaa ukurasani mkabala na picha kama ubeti unavyokaa.

Katika kitabu hiki jua lipo. Familia inaishi kwenye hema, inahama, inachuma mazao ambayo yataliwa na watu wengine mahali pengine. Lakini mama anakariri mashairi wakati wa chakula. Na baba, huyo mchumaji wa mazao, anaiunganisha mikono yake mdomoni na kuita kwa sauti ya njiwa. Mtoto anamtazama. Jina la kitabu limetoka hapo.

Hapa ndipo nilipopata jibu la rafiki yangu. Mkono uko wapi? Uko mdomoni mwa baba, unaita ndege. Ni mkono uleule uliochuma tangu alfajiri. Herrera hakumtaka mtoto amwonee huruma mvunaji. Amemwonyesha kwamba mkono unaovuna ndio huohuo unaocheza, na kwamba ushairi wake yeye Herrera ulianzia pale, kwa mama mwenye kukariri na baba mwenye kuita njiwa. Simmons naye amechora kwa rangi kali zinazofurahisha macho, wala hakupaka kijivu ili tujue hawa ni maskini. Kicheko hakikutoka. Kimepata mwenyewe.

HITIMISHO: NA SISI JE?

Nimesema nitarudi nyumbani. Kwetu msimu mkubwa wa mavuno katika mikoa mingi unaangukia katikati ya mwaka, na tarehe 8 Agosti tunaadhimisha Nane Nane, siku ya wakulima. Msimu tunao, sikukuu tunayo. Vitabu vya watoto vyenye picha navyo vinawezekana, na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa nchini mwaka 1991 umelithibitisha hilo kwa upande wa hadithi. Mashairi ya mavuno yenye picha ndiyo yanayohitaji msukumo.

Ila tukiandika, tuangalie mtego wetu wenyewe, kwa sababu ni tofauti na ule wa Marekani. Ushairi wetu wa kilimo ulikulia katika miaka ya kuhimizana. Azimio la Iringa la mwaka 1972 lilitangaza kwamba siasa ni kilimo, na baada ya hapo ikaja kaulimbiu ya kilimo cha kufa na kupona. Washairi wengi waliitikia, na walikuwa na sababu zao. Lakini ukiyatazama mashairi ya namna ile kwa jicho la mtoto, utaona jembe, jembe tena, halafu wito wa kuongeza bidii. Kula hakuonekani. Hilo ni jua bila kivuli, na mtoto halipendi kwa sababu hizohizo ambazo mtu mzima halipendi.

Tena mtoto wetu wa kijijini hahitaji kufundishwa mavuno kama habari ngeni. Mtoto wa Mbozi au wa Ismani ameshapukuchua mahindi hadi kidole gumba kikaota lengelenge. Mtoto wa bonde la mpunga ameshaamia ndege tangu asubuhi, mkononi kombeo, sauti imemkauka. Huyu akifungua kitabu cha msimu wake akakuta tufaha na theluji, atajifunza kwamba ushairi ni wa watu wengine. Akikuta mawaidha ya kufanya kazi kwa bidii, atajua kwamba aliyeandika hajawahi kumtazama. Lakini akikuta picha ya mtoto aliyepanda juu ya dungu, anafukuza ndege huku akiwatungia majina ya matusi madogomadogo, na kwenye ukurasa unaofuata anakula wali mpya chini ya mwembe, hapo methali ya wahenga itakuwa imetimia pande zote mbili.

Kwa hiyo natoa rai mbili. Kwa washairi: msimkabidhi mchoraji shairi lililokwisha funga milango yote, mwachieni mahali pa kuingiza mkono. Kwa sisi wahakiki: tukipewa kitabu cha mavuno, tukishamaliza kuhesabu vina na mizani, tuhesabu na mikono iliyomo kwenye picha, tuseme ni ya nani na inafanya nini. Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye hoja ya kunipinga asiishie kunong'ona kwenye veranda za ukumbi wa mihadhara, aandike, tusomane.